Cheti cha Maneno Matatu

Ndugu msomaji, juma lililopita nilipokea barua ya mwenzetu mmoja, karani katika ofisi moja hapa jijini Dar es Salaam, ambayo sikuweza kuiweka pamoja na zile zinazosubiri zamu. Jina lake alilitia, lakini akaomba lisichapwe, nami natii. Miaka kumi na moja iliyopita mwenzetu huyu aliugua saratani ya titi la kushoto. Alitibiwa nchini India. Titi likaondolewa, akapigwa mionzi, na hatimaye mpasuaji wa huko akampandikizia kifuko cha silikoni ili kifua kirudie umbo lake. Alirejea nyumbani, akaendelea na kazi, akalea wanawe. Mwaka huu upande ule umeanza kuwa mgumu. Umepanda juu kuliko mwenziwe, na usiku akiulalia humwuma.

Kwa mtu mwenye historia kama hiyo, ugumu wa titi si jambo la kulifumbia macho. Alikwenda hospitali, mpasuaji akampapasa, kisha akamwandikia cheti cha kwenda kupigwa picha. Cheti kile kilikuwa na maneno matatu tu: MRI titi kushoto. Alipofika huko, siku aliyokuwa ameiombea ruhusa kazini, daktari wa picha alikigeuza cheti mbele na nyuma, kisha akaanza kumwuliza. Kifuko ni cha aina gani? Kiliwekwa mwaka gani? Kipo mbele ya msuli au nyuma yake? Kimepata kubadilishwa? Kina chuma au sumaku yoyote ndani yake? Na je, mpasuaji anataka kujua kama kifuko kimepasuka, au kama saratani imerudi? Mwenzetu aliweza kujibu swali moja tu, la mwaka. Akarudishwa kwa mpasuaji, ambaye siku ile hakuwapo.

“Je, ndugu mwandishi,” anauliza katika barua yake, “madaktari hawa hawazungumzi? Mimi mgonjwa ndiye niwe tarishi wao?”

Nakiri kwamba niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wake kabisa, na kalamu yangu ilikwisha kuwa tayari kumkemea daktari wa picha. Mtu ana maumivu, ana hofu, amepoteza siku ya kazi na nauli, halafu anaambiwa arudi alikotoka! Lakini kabla ya kuandika niliuliza, nikasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba yule aliyemrudisha ndiye aliyemtendea haki. Kasoro ilikuwa katika cheti.

Vifuko hivi vina historia yake, na si fupi. Tangu mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alikuwa akidunga parafini mwilini ili kujaza mahali palipopungua. Waliomwigiza wakadunga hadi matiti, na wengi wa waliodungwa walipata mabonge na vidonda. Kifuko cha silikoni kama tukijuavyo leo kilipandikizwa mara ya kwanza mwaka 1962 huko Houston, Texas, na wapasuaji Thomas Cronin na Frank Gerow. Tangu hapo vimepandikiziwa mamilioni ya wanawake, wengine kwa sababu ya urembo, wengine, kama mwenzetu, kwa sababu saratani iliwanyang'anya kiungo. Mwaka 1992 serikali ya Marekani ilizuia vile vya silikoni kwa matumizi ya urembo kwa kuwa usalama wake ulikuwa haujathibitishwa. Mwaka 2006 ikaviruhusu tena, kwa masharti.

Yafaa ieleweke vizuri jinsi kifuko kinavyokaa mwilini, maana nusu ya kutoelewana kwa madaktari hutoka hapo. Kifuko chenyewe kina ganda lake la silikoni, na ndani ya ganda mna silikoni laini mfano wa uji mzito au, katika vingine, maji ya chumvi. Kikishawekwa, mwili hukitambua kuwa ni mgeni, ukakizungushia utando wake wenyewe. Basi tunazo kuta mbili: ganda lililotoka kiwandani, na utando uliojengwa na mwili. Kifuko cha maji ya chumvi kikipasuka hakuna fumbo. Maji hunywewa na mwili, titi likasinyaa, na mwenyewe akaliona katika kioo. Cha silikoni ndicho kigumu. Ganda linaweza kupasuka na silikoni ikabaki palepale, imezuiliwa na utando, titi likawa na umbo lake lilelile na mwenyewe asihisi lolote. Kupasuka huko kwa kimya hakuwezi kutambuliwa kwa kidole cha mpasuaji hata awe hodari namna gani. Huhitaji picha.

Na si picha yoyote. Mamografia, ile eksirei ya titi, haipenyi silikoni vizuri. Kifuko huonekana kama doa jeupe lililofunika yaliyo nyuma yake. Ultrasaundi husaidia sana mikononi mwa mtu aliyezoea. Lakini inayoaminika zaidi kwa kupasuka kwa kimya ni MRI, na sababu yake ni ya kuvutia: mashine hiyo huweza kuwekwa kwa namna ambayo silikoni peke yake hung'aa, huku maji na mafuta ya mwili yakififia. Ganda lililopasuka na kuzama ndani ya silikoni huonekana kama nyuzi nyembamba zilizopindapinda. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliipa alama hiyo jina la chakula cha Kiitaliano. Mtu wa pwani angeitazama mara moja na kusema, hizi ni tambi.

Hapa ndipo maneno matatu ya cheti yalipokwama. Kutafuta kupasuka kwa kifuko na kutafuta saratani ni kazi mbili, ingawa mashine ni moja. Kwa kupasuka, mashine huwekwa ili itenge silikoni, na hapana haja ya kumdunga mgonjwa dawa ya kung'arisha picha. Kwa saratani, dawa hiyo hudungwa mshipani na picha hupigwa mara kadhaa mfululizo, ili ionekane ni wapi damu inakimbilia kwa wingi. Picha ya kazi ya kwanza haitoshi kujibu swali la pili. Mwanamke aliyepata kuwa na saratani, ambaye daktari wake anahofia yote mawili, anaweza kufanyiwa yote mawili kwa safari moja, almuradi iwe imeandikwa tangu mwanzo. Isipoandikwa, daktari wa picha atabahatisha. Akibahatisha vibaya, mgonjwa atalipia mara mbili, au, baya zaidi, atarudi nyumbani na karatasi isemayo kwamba kifuko ni kizima, akadhani ameambiwa kwamba hana saratani.

Swali la sumaku nalo, ambalo mwenzetu aliliona la ajabu, huenda ndilo lililokuwa la haraka kuliko yote. Wanawake waliokatwa titi aghalabu huwekewa kwanza kifuko cha muda, kinachojazwa maji kidogo kidogo ili kuinyosha ngozi kabla ya kile cha kudumu. Baadhi ya vifuko hivyo vya muda vina sumaku mahali pa kuingizia sindano, ili mpasuaji apapate kwa urahisi. Sasa fikiri, msomaji, sumaku hiyo ikiingizwa ndani ya MRI, ambayo yenyewe ni sumaku kubwa ajabu: inaweza kuvutwa, ikageuka mahali ilipo, ikaumiza. Mpasuaji aliyekiweka anajua. Daktari wa picha hawezi kujua asipoambiwa, na mgonjwa mara nyingi hakuambiwa hata mara moja. Kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo ni jambo la kushukuru, hata kama nauli imepotea.

Maswali mengine yalikuwa na maana vilevile. Kuna vifuko vyenye vyumba viwili, kimoja cha silikoni na kingine cha maji ya chumvi. Asiyejua kwamba anatazama kifuko cha namna hiyo anaweza kuhesabu ukuta wa katikati kuwa ni mpasuko. Kuna wanawake ambao kifuko chao cha kwanza kilipasuka miaka mingi iliyopita, kikaondolewa, kikawekwa kipya. Mabaki ya silikoni ya zamani yanaweza kubaki katika nyama au katika tezi za kwapani. Daktari wa picha akiyaona bila kujua habari hiyo, atakishtaki kifuko kipya kisicho na hatia. Tezi za kwapani zilizobeba silikoni huweza kuvimba zikafanana na tezi za saratani. Katika ultrasaundi silikoni iliyotoka nje huonekana kama weupe unaofuta kila kitu nyuma yake. Wenye nchi za baridi huita hali hiyo dhoruba ya theluji. Sisi ambao theluji tunaiona kileleni mwa Kilimanjaro tu tungeifananisha na ukungu wa asubuhi wa Lushoto. Pia wapo waliodungwa mafuta ya mwili wao wenyewe kuzunguka kifuko ili kulainisha umbo, na mafuta hayo yakifa hufanya mabonge na chembe za chokaa. Mpasuaji mwenye kumbukumbu ya kazi yake ataandika mstari mmoja tu, na mstari huo utamwokoa mgonjwa na sindano ya kukata nyama kwa uchunguzi.

Nimesema habari za cheti kinachokwenda. Sasa karatasi inayorudi, nayo ina lawama zake.

Neno linalosumbua kuliko yote ni neno dogo la “nje”. Daktari wa picha akiandika kwamba silikoni imetoka nje, ni nje ya nini? Nje ya ganda lakini ndani ya utando, au nje ya utando kabisa, imeingia katika nyama? Kwa mpasuaji hizo ni safari mbili tofauti. Ya kwanza aghalabu ni kufungua, kuondoa kifuko kilichopasuka pamoja na silikoni iliyokusanyika mahali pamoja, na kuweka kingine iwapo mgonjwa anataka. Ya pili yaweza kumaanisha kuifuata silikoni ilikokwenda, hata kwapani, karibu na mishipa ya damu na ya fahamu, na wakati mwingine kuamua kwamba kuifuata yote kutaleta madhara kuliko kuiacha. Mgonjwa anapaswa kuelezwa kabla hajalazwa. Karatasi isiyosema ni “nje” ipi humpeleka mpasuaji chumba cha upasuaji akiwa amejiandaa kwa kazi nyingine.

Halafu ipo mikunjo. Kifuko kizima, hasa kilichobanwa na utando, hujikunja pembeni, na mikunjo hiyo katika picha huonekana kama mistari inayoingia ndani. Mwenye uzoefu huifuata mstari kwa mstari na kuona kwamba imeshikamana na ganda. Mwenye haraka huiita tambi. Wapo pia waandishi wa taarifa wenye woga, ambao humaliza kwa kusema kwamba kupasuka hakuwezi kukataliwa. Maneno hayo humlinda mwandishi, lakini mpasuaji afanye nini nayo? Wako wanawake waliofunguliwa na kukutwa na kifuko kizima kabisa. Nami sioni kwa nini simu isipigwe: “Ndugu daktari, unasema haukataliwi, wewe mwenyewe unaamini nini?” Dakika mbili za simu ni rahisi kuliko saa mbili chini ya dawa ya usingizi.

Mpasuaji naye ana deni. Akishafungua, yeye peke yake ndiye anayejua kama picha ilisema kweli. Akikaa na habari hiyo kimya, daktari wa picha atairudia kosa ileile kwa mgonjwa ajaye na kwa yule atakayefuata, akidhani daima alikuwa sahihi. Katika hospitali zilizojijengea desturi nzuri, wapasuaji, madaktari wa picha na wale wa maabara hukaa meza moja mara kwa mara na kuyapitia majalada pamoja, picha ukutani na matokeo ya upasuaji kando yake. Hicho si kikao cha anasa.

Na ugumu wa titi, ambao ndio ulioanzisha barua hii, waweza usiwe kupasuka hata kidogo. Utando uliojengwa na mwili wakati mwingine hukaza kama ngumi, ukakibana kifuko, titi likawa gumu, likapanda, likauma. Kwa waliopigwa mionzi jambo hilo hutokea zaidi. Hupimwa kwa mkono na macho ya mpasuaji, kwa madaraja manne yaitwayo kwa jina la Baker, kuanzia titi laini lisilo na tofauti hadi lile gumu, lililopotoka na lenye maumivu. MRI si shahidi mzuri wa jambo hili. Hivyo mpasuaji aliyempapasa mwenzetu alikuwa na habari ambayo mashine haina, naye hakuiandika. Angeandika kwamba titi ni gumu, limepanda, linauma, mgonjwa alipigwa mionzi, daktari wa picha angejua afikirie nini kwanza.

Lipo tatizo moja zaidi ambalo sipendi kulitaja kwa sababu huwatia watu hofu, lakini kulinyamazia si haki. Katika miaka ya karibuni imethibitika kwamba kuna saratani ya chembe za kinga, tofauti na saratani ya titi, inayoweza kuota katika utando unaozunguka kifuko. Taarifa ya kwanza ya kitabibu iliandikwa mwaka 1997. Ni nadra. Imeonekana hasa kwa vifuko vyenye ganda la kukwaruza, si laini, na mwezi Julai 2019, serikali ya Marekani ilipokuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani na vifo 33, kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni vifuko vyake vya ganda hilo. Dalili yake ya kawaida ni titi kuvimba ghafla, miaka kadhaa baada ya upasuaji, kwa maji yaliyojaa kati ya ganda na utando. Maji kidogo huwa ni kawaida. Yakiwa mengi, daktari wa picha huyavuta kwa sindano akiongozwa na ultrasaundi. Na hapo, ndugu msomaji, cheti cha maneno matatu kinaweza kugharimu maisha: kama mpasuaji hakuandika anachokihofia, maji hayo yanaweza kupelekwa kupimwa wadudu wa usaha peke yake, au yakamwagwa, badala ya kupelekwa maabara kutafutwa chembe zenye alama iitwayo CD30. Ugonjwa huu ukijulikana mapema, kwa wengi kuondoa kifuko pamoja na utando wake wote hutosha kuutibu.

Ndiyo maana nasema karatasi ni dawa. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse ya kusini mwa Ufaransa ilikuwa ikijaza vifuko vyake silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kutiwa mwilini. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwezi Desemba 2013. Uingereza peke yake waliokuwa na vifuko hivyo walifikia wanawake 47,000 hivi, na waliohangaika zaidi ni wale ambao hawakuweza kupata karatasi ya kuonyesha wamewekewa nini. England ilianzisha daftari la kitaifa la vifuko mwaka 2016, na Marekani nayo mwaka 2018. Wamarekani pia, tangu mwaka 2020, wanashauri mwenye kifuko cha silikoni apimwe kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 au 3, hata kama hana dalili. Mwenzetu amekaa miaka kumi na moja bila kupimwa. Hakuna aliyemwambia.

Nilimwandikia haya yote, kwa ufupi, nikamsihi atafute chochote alichorudi nacho kutoka India. Alhamisi alinipigia simu. Alikuwa amepekua sanduku la safari lililokuwa juu ya kabati, na chini kabisa, ndani ya bahasha yenye risiti za dawa na tiketi ya ndege, aliikuta karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Nyuma yake palikuwa pamebandikwa kijikaratasi kidogo cha kiwandani, na miaka yote hiyo yeye alidhani ni cha bei. Kilikuwa na jina la kampuni, namba ya toleo, ukubwa, na maneno yanayoonyesha kwamba ni kifuko cha silikoni, chumba kimoja, ganda laini. Katika karatasi yenyewe imeandikwa kwamba kimewekwa nyuma ya msuli, na kwamba kile cha muda kilikwisha kuondolewa.

Amekwisha kuipeleka kwa mpasuaji wake, ambaye, kwa sifa yake, hakununa. Aliisoma, akachukua cheti kipya, akaandika mistari sita, kisha akainua simu na kuzungumza na daktari wa picha huku mgonjwa akisikia. Wamekubaliana watafute yote mawili kwa safari moja. Amepewa Jumanne saa mbili asubuhi, na ofisini wamempa ruhusa tena.